Zamu ya Misuru

Mtu asinieleze habari za kompyuta. Mimi nimeilisha kwa vidole vyangu hivi, najua inavyokula. Watu wakisikia nilifanya kazi hiyo Singida, mwaka sabini na nne, wananicheka waziwazi. "Klara, kompyuta gani wakati ule, na taa zenyewe zilikuwa za kubahatisha?" Haya, chekeni. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar es Salaam na mpaka leo sijaitia machoni. Sisi Singida tulikuwa na vyombo vya kuitayarishia chakula chake tu, na vilitosha kabisa kuniharibia maisha.

Ofisi yetu ilikuwa ya matrekta. Tulikuwa na matrekta sita mazima na vijiji arobaini vya ujamaa vinavyoyataka, vyote kwa majuma yaleyale mawili matatu mvua inapoanza. Kila mwaka ni ugomvi. Mwenye shemeji ofisini analimiwa, mwenye mbuzi wa kuleta analimiwa, wengine wanabaki kutazama mawingu. Ndipo akarudi Ndugu Idrissa kutoka masomoni ng'ambo, Mnyiramba mwenzangu, na suruali yake pana ya bugaluu inafagia vumbi la Singida. Akawa mkubwa wangu wa kazi. Akaita mkutano, akasema kuanzia msimu ule zamu za matrekta zitapangwa na kompyuta. "Mashine haina shemeji," akasema. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Nilikuwa na sababu. Mwezi wa nane mwaka ule mama yangu, Martina, alihamishiwa kijiji kipya kinachoitwa Misuru, upande wa Iramba, ukishaipita Shelui unaacha barabara kubwa na kuingia porini. Nyumba ya zamani ilibomolewa. Maksai wake wawili wa kulimia walikufa kwa ukame kabla hata hajamaliza kuezeka kibanda kipya. Shamba alilopimiwa lilikuwa pori lisilowahi kuguswa, ardhi imeshikamana, ukipiga jembe la mkono linakurudia. Na nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu watatu, watoto wa marehemu dada yangu Anastasia. Bila trekta hakuna mtama, bila mtama wale watoto hawali. Habari yote ilikuwa hiyo, haikuwa na mafumbo.

Nilimwambia kwa kinywa changu, "Mama, safari hii trekta litakuja. Zamu inapangwa na mashine, na mashine naitengeneza mimi." Jamani, mdomo wangu huu!

Vyombo vilifika mwezi wa tisa kwa lori kutoka Dodoma, ndani ya masanduku ya mbao. Cha kwanza kilikuwa mashine ya kutoboa kadi, ya mkono, haihitaji umeme. Ina vitufe kumi na viwili tu, kwa hiyo herufi moja lazima ubonyeze viwili kwa pamoja, na kadi moja ina mstari mmoja wa maandishi. Tukapewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mbegu. Tukatengenezesha meza, miguu yake tukaisimamisha kwenye makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande kula kadi. Madirisha tukayaziba kwa magazeti, maana upepo wa Singida mnaujua, ukiingia humo unachanganya kadi elfu moja kwa dakika. Mipira ya kufungia mabunda haikuletwa. Nilikwenda dukani kwa Bhagwanji, mkewe Mama Ramila akanikatia tyubu ya baiskeli vipande vyembamba vyembamba, akasema, "Chukua, ndugu, hii haikatiki mpaka kiama." Na kweli haikukatika.

Idrissa alinifundisha kazi siku ya kwanza, na alinifundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema amri zote za kupanga zamu anaziandika kwa lugha ya kihesabu, lugha ya watu. Mashine haiijui lugha hiyo. Lakini ndani ya mashine kuna mkalimani, naye ni programu vilevile, anasoma kadi zetu moja baada ya nyingine na kuzigeuza kuwa lugha ya mashine. Akimaliza, ndipo kazi ya kupanga zamu inaanza. Kadi moja ikimshinda, anakataa bunda zima, na bunda linarudi Singida na karatasi ya makosa. Kwenda na kurudi ni siku kumi na mbili, basi mpaka Dodoma na treni mpaka Dar, kama hakuna kilichoharibika njiani.

Chombo cha pili kilikuwa mashine ya kuhakiki. Hiyo mtu mwingine anaandika upya juu ya kadi zilezile, na asipolingana na wa kwanza, mashine inakwama na kosa linaonekana. Kilifika, tukakifungua kwa furaha, tukakuta springi ya ndani haimo. Idrissa akaandika barua. Akajibiwa asubiri. Akaandika nyingine. Akajibiwa barua yake imepokelewa. Mwezi wa kumi ukaingia, na mvua haimsubiri mtu.

"Wewe una macho, Klara," akaniambia. "Wewe ndiye mashine yangu ya kuhakiki."

Nikavimba kichwa. Mjinga mimi, nilicheka siku nzima kwa sifa ile.

Mwandiko wa Idrissa ulikuwa wa kutisha, kuku angeandika vizuri zaidi. Tukakubaliana yeye asome, mimi nitoboe. Juma la kwanza alinisomea herufi kwa herufi, na jioni tukahesabu kadi tulizomaliza tukaona kwa mwendo huo tutapata zamu za mwaka unaofuata. Akaanza kunisomea neno zima, kwa kasi, anatembea huku na huku mikono nyuma. Kila kijiji kilikuwa na jina lake ndani ya programu, herufi zisizidi sita. Misuru ina sita kamili. Nilifurahi kwamba kijiji cha mama hakikukatwa mkia kama vingine.

Sasa nisikilizeni hapa. Sisi Wanyiramba, ra na la kwetu ni mtu na pacha wake. Kule misheni mwalimu wetu Kristina alinichapa vidole miaka minne kwa ajili ya herufi hizo mbili. "Sema rula." Nasema lula. "Sema lala." Nasema rara. Darasa zima linakufa kwa kicheko, na wanaocheka nao wakiitwa mbele ni yaleyale. Kuandika nilijifunza, nikawa hodari kabisa, mradi ninaona neno kwa macho. Kwa sikio? Kwa sikio sina habari mpaka leo. Na aliyekuwa ananisomea alikuwa amezaliwa vilima viwili kutoka kwetu.

Bunda la kwanza lilikwenda mwishoni mwa mwezi wa kumi. Likarudi na makosa sitini na moja. Mkalimani alilalamikia mabano, mikato, kadi moja niliyoiweka juu chini. Tulirekebisha yote kwa siku mbili bila kupumzika. Likaenda tena. Safari hii karatasi ikarudi imeandikwa hakuna kosa hata moja, na nyuma yake imefuata ratiba yenyewe, zamu za matrekta yote sita, kuanzia tarehe nne Desemba. Ilikuwa tarehe ishirini na saba Novemba. Watu wa ofisi walijazana kwenye kile chumba. Idrissa aliishika karatasi kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa na machozi, nilimwona.

Mimi nilikuwa natafuta mstari mmoja tu. Nikaupata chini kabisa. Misuru. Trekta, sifuri. Tarehe, sifuri.

Nilingoja watu watoke. Nikamwambia, "Ndugu Idrissa, Misuru imepewa sifuri."

"Basi imepewa sifuri."

"Kwa nini?"

"Mashine imepima watu, eneo na maksai. Pengine kwenu mna maksai wengi."

"Maksai gani? Wamekufa wote!"

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniudhi. "Klara, wewe na mimi tulisema mashine haitakuwa na shemeji. Sasa imetoa jibu usilolipenda, unataka nibadilishe kwa kalamu? Tutakuwa na tofauti gani na wale wa zamani?"

Niliona ana haki. Mbaya zaidi, niliona aibu, kama mtu aliyefumaniwa anaomba upendeleo. Ratiba ikapigwa muhuri, ikabandikwa ubaoni, na dereva asiye na karatasi yenye muhuri hapewi dizeli.

Mvua ilianza tarehe mbili, mvua nzuri, ya kulimia. Tarehe kumi mama akaja mjini. Alitembea mpaka Shelui, akaomba lifti ya lori, akashukia sokoni amelowa chapachapa. Nilimkuta nje ya ofisi amesimama, hakutaka kuingia na matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nimekuja kuuliza lile trekta."

Akanieleza. Gaspari, dereva wetu mmoja, alikuwa amepita na trekta katikati ya Misuru akielekea kijiji cha mbele. Waliposikia mlio wanawake walitoka na watoto, wakapiga vigelegele, wakamfungulia njia mpaka kwenye mashamba. Gaspari akawapungia mkono, akapita. Mama alidhani amekosea njia. Alimkimbilia mpaka pumzi ikamwishia.

"Nikasema si bure. Nikamuulize Klara, yeye ndiye mwenye mashine."

Nikamwambia mashine imepanga hivyo. Nikamwambia kwa Kiswahili, si kwa Kinyiramba, ili lisikike kama neno la serikali. Mungu anisamehe. Akasema, "Kama imepanga, imepanga. Lakini muulize tena, huenda haikusikia vizuri." Nikamnunulia mkate na chumvi, nikamtafutia lori la kurudi.

Usemi wake ule haukuniacha. Tarehe kumi na nne, siku ya Jumamosi, nilibandua gazeti dirishani, nikatoa bunda zima la kadi lililorudi pamoja na ratiba, nikaanza kuzisoma matundu moja moja kwenye mwanga. Nilisoma tangu ofisi ilipofunguliwa mpaka saa saba. Kadi ya mia nne na kumi na mbili, ile inayochukua idadi ya watu wa kijiji, eneo lao na maksai wao na kuviweka mahali pake, nilikuta nimetoboa MISULU. Kadi zote zinazofuata, za kupanga foleni, zilikuwa zimeandikwa MISURU, maana hizo nilinakili kutoka orodha iliyopigwa chapa. Ile lugha ya kihesabu ina ugonjwa mmoja: ikikutana na jina isilolijua haiulizi. Inalipokea kimya kimya na kuliandikia sifuri. Mkalimani akayaona majina mawili, akadhani ni vijiji viwili. Kimoja kilikuwa na watu wote na njaa yote, wala hakijapanga foleni. Cha pili kilikuwa kwenye foleni na hakina mtu hata mmoja.

Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikakimbia nyumbani kwa Idrissa nikiwa na kadi mkononi.

Aliitazama. "Misuru. Ina nini?"

"Soma herufi, usisome neno!"

Akasoma herufi. Rangi ikamtoka usoni. Akaomba nisiongee kwanza.

"Andika barua sasa hivi," nikasema. "Muhuri unao wewe. Mvua bado ipo. Gaspari akiondoka Jumatatu atawahi."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Nikiandika barua moja ya mkono, kesho nitaandika ya pili. Wale wakubwa wanangoja niteleze mara moja tu. Watasema kompyuta ni uongo, matrekta yatarudi kwa mashemeji, na vijiji thelathini na tisa vitapoteza zamu kwa ajili ya kimoja."

"Mama yangu si shemeji ya mtu!"

"Ni mama wa mtoboa kadi. Hiyo ni mbaya zaidi, Klara, na wewe unajua."

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo siyasemi hapa, kwa Kinyiramba, mkewe akatoka jikoni kusikiliza. Hakunijibu tusi hata moja. Alisema tutatoboa kadi mpya, tutalituma bunda lote kwa basi la kesho, ratiba itarudi imesahihishwa na kila kitu kitakuwa halali. Mwisho nikakubali. Huo ndio ukweli wangu mchungu. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya kushoto ya meza yake ofisini, haikuwa na kufuli, na mimi nilikuwa na ufunguo wa mlango. Ningeweza kujiandikia ile karatasi. Dizeli ingetoka. Sikuthubutu, kwa sababu nilikuwa bado nataka kuwa mtu safi. Nimeufikiria ule muhuri maisha yangu yote.

Bunda likaenda. Matope yakalikamata basi huko njiani siku tatu, kisha ikaingia Krismasi, kisha mwaka mpya, na huko Dar foleni ya kazi nyingine ilikuwa mbele yetu. Kila basi lililoingia stendi nililipokea mimi. Gaspari aliniona nimesimama pale mara nyingi, siku moja akaniambia, "Dada, ningejua ni kwenu ningesimama hata kwa mateke." Nikamwambia asiseme neno hilo tena mbele yangu.

Karatasi ilifika tarehe kumi na moja Januari. Mvua ilikuwa imekata tangu mwaka mpya, na hata aliyepanda alikuwa anatazama mtama unavyonyauka. Idrissa aliifungua mezani. Mstari wa Misuru haukuwa tena chini. Ulikuwa wa kwanza kabisa, juu ya vijiji vyote arobaini. Kijiji chenye watu wengi wapya na kisicho na maksai hata mmoja, mashine ilikuwa imekipa haki yake yote bila kumwogopa mtu. Trekta namba tatu. Tarehe nne Desemba.

Tulisahau. Kadi ya tarehe ya kuanza hatukuibadilisha, si yeye wala mimi, hakuna aliyeikumbuka. Hata tungeibadilisha, trekta namba tatu lilikuwa limekufa gia na mvua ilikwisha kwenda zake. Idrissa alikunja karatasi mara mbili, akaifungua tena, akainyoosha kwa kiganja. "Wangekuwa wa kwanza," akasema. Nikachukua ile karatasi mikononi mwake, nikatoka. Sikuomba ruhusa.

Nilifika Misuru siku ya pili yake mchana. Pembeni mwa kila kibanda kulikuwa na kipande kidogo kilichokwanguliwa kwa jembe, ukubwa wa kaburi la mtu mzima, mbele yake pori limesimama vilevile. Mama alikuwa amekaa mlangoni anapepeta majani ya mlenda makavu. Watoto watatu walikuwa wamelala ndani, mchana ule, na hawakuwa wagonjwa. Nikajua mbegu imeshaliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huli huko mjini?"

Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kosa ni langu. Kwamba mashine haikuwanyima. Kwamba mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nililiandika jina la kijiji vibaya.

"Uliliandikaje?"

"Niliandika Misulu."

Akanitazama. "Sasa si ndiyo Misulu hii?"

"Hapana, mama. Ni Misuru."

"Ndiyo. Misulu."

Nilijaribu tena. Nikachora zile herufi mbili mchangani kwa kidole, akazitazama kwa heshima, maana hakusoma. Kwa masikio nilikuwa sina cha kumwonyesha, hata mimi mwenyewe nilipozitamka sikuzisikia. Alinishika bega akaniambia niache kulia, sijakosea, nimeliandika vizuri tu, mwenye kosa ni mashine.

Kisha akaiona karatasi mkononi mwangu. "Hiyo ndiyo imetoka kwa mashine?"

"Ndiyo."

"Imesemaje safari hii?"

Sijui kwa nini nilimsomea. Nadhani nilitaka angalau mtu mmoja ajue walikuwa wa kwanza. "Misuru, namba moja. Trekta namba tatu. Tarehe nne Desemba."

Akarudia polepole kwa midomo yake, ili asisahau. Akahesabu miezi kwa vidole, akahesabu tena, uso wake ukachangamka kidogo kidogo.

"Desemba hii inayokuja?"

Nilimtazama mama yangu, nikatazama wale watoto waliolala mle ndani.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Inayokuja."

Akaweka ungo chini, akajikung'uta vumbi, akasimama kwa kushika mlango. Akatoka kwenda kibanda cha jirani, na nikamsikia anawaita watu kwa sauti, waje wasikie zamu yao.